Kabla ya Springi, Uliza Gari Lilizaliwa Wapi

Mdogo wangu wa Kigoma, barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Babu kakuachia Land Rover 109, Series III ya petroli, nayo inalala upande wa kulia. Fundi kasema springi zote nne zimechoka, ununue seti. Binamu yako aliyeko Uingereza kaulizia huko, na muuzaji badala ya kutaja bei kaanza kuhoji: usukani ulitoka kiwandani upande gani? Gari liliuzwa kwao au lilipelekwa nje? Petroli au dizeli? Pikapu au steshenwageni? Wewe ukaona unazungushwa. "Dada, springi si springi tu?" ndivyo ulivyoandika.

Huyo muuzaji usimwache. Wa kumkimbia ni yule anayesikia neno "Land Rover" akakutajia bei papo hapo.

Sikiliza kwa nini anauliza. Land Rover za zamani, kuanzia ile ya kwanza ya 1948 hadi Series III iliyokoma 1985, zinakaa juu ya springi za majani mbele na nyuma. Kwa macho, ya kulia na ya kushoto ni pacha. Upana ni uleule, inchi mbili na nusu, na matundu yanaingia palepale. Ila kiwandani hazikuwa sawa: ya upande wa dereva ilikunjwa zaidi, ikawa na upinde mkubwa kuliko ya abiria. Sababu ni uzito. Dereva yumo kila siku, abiria yupo siku moja moja. Kwenye ile fupi ya 88 yenye usukani wa kulia, hata tangi la mafuta liko chini ya kiti hichohicho cha dereva. Usipoipa springi ya upande huo kimo cha ziada, gari litainama tangu siku ya kwanza.

Injini nayo ina yake. Ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, kwa hiyo springi za mbele hazilingani. Steshenwageni ya kubeba watu haikupewa springi za nyuma zilezile za pikapu ya kubeba magunia. Sasa fikiria gari moja hilohilo likiuzwa Uingereza, Kenya, Kongo na Omani. Kumbe swali la "limetoka soko gani" ndilo linalobeba mengine yote.

Na hapa kwetu jibu halimo kwenye kadi ya gari. Kadi inakwambia limesajiliwa lini na ni la nani. Haikwambii kama lilikuja limekamilika kutoka kiwandani Solihull, Uingereza, au lilikuja vipande ndani ya makasha likaunganishwa Thika miaka ya 1970 na kuendelea, au lilivuka ziwa. Babu naye, Mungu amrehemu, alikuwa anajua alilinunua kwa nani, basi. Chuma ndicho kinachokumbuka.

Chukua tochi, kitambaa na brashi ya waya, upige magoti mbele ya gurudumu la mbele la kulia. Pale springi inaposhikwa na chasisi, kwenye pembe ya mbele, Series III nyingi zina namba iliyogongwa kwenye chuma. Tope la Kigoma na rangi za miaka mingi zitakuwa zimeifunika. Sugua taratibu, usitumie grainda, maana ukiikwangua namba ya chasisi utajieleza polisi hadi uchoke. Kuna pia kibati ndani ya gari, lakini kibati kinashikwa na ribiti, na ribiti hutoka. Mimi naamini kilichogongwa kwenye chasisi.

Kama gari ni la kabla ya mfumo wa tarakimu kumi na saba ulioingia karibu na 1980, tazama tarakimu tatu za mwanzo. Kwa Series III ya 109 ya petroli yenye silinda nne, 911 ni gari la soko la Uingereza lenyewe, 912 ni la kusafirishwa nje lenye usukani wa kulia, 913 ni la usukani wa kulia lililotoka vipande kwenda kuunganishwa nchi nyingine, 914 ni la nje lenye usukani wa kushoto, na 915 ni la kushoto la vipande. Dizeli inafuata mpango huohuo kuanzia 916 hadi 920. Zile fupi za 88 zinaanzia 901. Wenye Series IIA mna za kwenu: 241 hadi 245 kwa 88 ya petroli, kwa mpangilio uleule wa nyumbani, nje, vipande, kushoto, kushoto vipande. Mwisho wa namba kuna herufi moja. Iandike pia, usiidharau, kwa sababu kiwanda kiliibadilisha kila kilipobadilisha jambo kubwa kwenye gari, na wauza spea wengi hawakuhudumii bila hiyo.

Sasa turudi kwako. Mwishoni mwa barua, kama jambo dogo tu, umeandika: "namba inaanza na 914, sijui ndiyo nini." Mdogo wangu, hilo ndilo lilikuwa la kuandika mstari wa kwanza! Usukani wako leo uko kulia. Gari lako lilizaliwa na usukani wa kushoto. Kwa mtu wa Kigoma si ajabu: Burundi na Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto. Huenda babu alilipata ng'ambo, au lilipita mikono mingine kwanza. Vyovyote vile, kuna fundi alihamisha usukani. Kwenye Land Rover za kizamani hiyo ni kazi ya bolti na spana, dashibodi yenyewe imetengenezwa ikubali pande zote mbili. Akahamisha usukani, akahamisha pedali, akafuta mikono. Springi je? Naweka dau hakuzigusa. Yenye upinde mkubwa imebaki kushoto anakokaa abiria, na ile nyepesi iko chini yako. Halafu unaniuliza kwa nini linalala kulia.

Kabla hujatoa hata shilingi, thibitisha. Egesha kwenye sakafu tambarare kweli, si uwanja wa nyumbani wenye mteremko. Upepo wa matairi uwe sawa kulia na kushoto, na usiwe na mzigo. Pima kwa futikamba kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne, uandike. Kisha ingia chini. Tafuta jani lililovunjika. Mara nyingi ufa hujificha karibu na bolti ya katikati, ambako kutu na vumbi vimekaa. Tazama bushi kama mpira umetoka nje ya ganda. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo pale springi za nyuma zinaposhikwa. Mlio ukiwa wa bati bovu badala ya chuma, tatizo lako si springi, ni mchomeleaji. Kama yote ni mazima, mwambie fundi abadilishane springi za mbele kulia kwa kushoto, na za nyuma vivyo hivyo, upime tena. Gari likinyooka, umetumia pesa ya ufundi peke yake. Likinyooka ila liko chini kila upande, hapo ndipo springi zimechoka kweli, na sasa unajua ununue zipi.

Utanunua za usukani wa kushoto au wa kulia? Wengi hapa wanachanganyikiwa kwa sababu wanafuata namba ya chasisi kama msahafu. Springi zinafuata uzito ulipo leo. Dereva yuko kulia, basi yenye upinde mkubwa inakwenda kulia. Namba 914 imekueleza kwa nini gari limeinama, na pia inakuonya kwamba ukimtumia muuzaji namba hiyo bila maelezo, atakufungia springi za gari la kushoto kwa nia njema kabisa. Mwandikie wazi: lilizaliwa kushoto, limehamishiwa kulia. Wala usitumie maneno "upande wa dereva". Kwa muuzaji wa Uingereza au Australia dereva yuko kulia. Kwa wa Dubai au Marekani yuko kushoto. Andika "kulia, ukiwa umekaa ndani unatazama mbele".

Wenye Toyota msifikiri leo hamhusiki. Barua za Land Cruiser ninazo pia, na zenu zina mtego wake. Land Cruiser za 70 zilizoanza 1984 zilikuwa za aina mbili zinazofanana sura. Kuna nzito, kama BJ70 na baadaye HZJ75 tunayoijua kwenye miradi, misheni na kambi za utalii, yenye majani mbele na nyuma. Na kuna nyepesi, LJ70 na ndugu zake, yenye koili pande zote, iliyokuja kuzaa Prado. Australia nyepesi ile iliitwa Bundera. Sehemu za Ulaya ikaitwa Land Cruiser II. Ukiagiza "springi za Land Cruiser 70" bila kusema zaidi, unaweza kupokea mzigo wa majani wakati gari lako linadai koili. Na hata kwenye nzito, mwaka 1999 Toyota waliweka koili mbele na kurefusha majani ya nyuma. Kwa hiyo majani ya nyuma ya HZJ75 si ya HZJ78, hata kama muuzaji ananyoosha kidole juu akiapa.

Fungua boneti usome kibati. Gari lililouzwa ndani ya Japani lina namba fupi ya chasisi, herufi za modeli, kistari, halafu tarakimu, kwa mfano inayoanza na HDJ81. Lililotengenezwa kwa masoko ya nje mara nyingi lina tarakimu kumi na saba, na kwenye msimbo wa modeli kuna R au L baada ya namba, kulia au kushoto. La Japani halihitaji herufi hiyo, kwao usukani ni kulia tu. Herufi ya mwisho ya msimbo, ikiwepo, hutaja soko: Q ni Australia, V ni nchi za Ghuba, W ni Ulaya. Kwa hiyo Land Cruiser ya usukani wa kulia yenye L na V kwenye kibati ilitoka Ghuba, na usukani umehamishwa. Hapo usiishie kwenye springi. Kagua kazi yote ya usukani kabla hujapanda nayo mlima.

Na Land Rover za koili, zile 110 zilizoanza 1983 na 90 za mwaka uliofuata? Koili zake zina alama za rangi kutofautisha kazi na upande, kama rangi bado ipo. Chasisi yake ina tarakimu kumi na saba. Kwa gia tano za mkono, ya tisa ikiwa 7 ni usukani wa kulia, ikiwa 8 ni wa kushoto. Ila chungulia katikati ya ekseli ya nyuma. Baadhi ya steshenwageni zilikuwa na kifaa cha Boge cha kusawazisha kimo, na kwa sababu hiyo koili zake za nyuma ni laini. Kifaa kikifa, mafundi wengi hukitoa wakaacha koili zilezile, kisha gari likipakia watalii linakaa makalio chini na lawama zinakwenda kwa shokapu.

Jambo la mzigo nalo nilitaje haraka, maana mnapenda sana springi "za nguvu". Springi nzito kwenye gari linalotembea tupu zitakurusha kama uko juu ya mkokoteni, na chasisi ya zamani ndiyo itakayolipa. Mueleze muuzaji unachobeba siku za kawaida, si kile ulichowahi kubeba siku ya msiba.

Siku ya kufunga, mdogo wangu wa Kigoma, simama hapo gereji mwenyewe. Chasisi iwe juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi. Yubolti ziwe mpya, zile za zamani zimekwisha kuvutika. Na umwangalie fundi kwenye bolti zinazopita kwenye bushi: azifunge kwa mkono tu gari likiwa juu, ashushe magurudumu chini, alitikise gari likae, ndipo akaze. Bushi zile zina mpira ulioshikana na ganda la chuma. Zikikazwa springi ikiwa imening'inia, mpira unabaki umesokotwa kila gari linaposimama, na utapasuka kabla ya wakati wake. Fundi akikwambia ni yaleyale, mpe soda, akae pembeni, ulegeze mwenyewe.

Tembea nalo wiki chache, pamoja na ile barabara ya vumbi ya kwa bibi, kisha rudi ukaze yubolti tena na kupima vimo vyote vinne kwa futikamba ileile. Springi mpya hushuka kidogo zinapozoea. Ukiona tofauti ya kulia na kushoto bado ni kubwa, nitumie vipimo vya zamani na vipya pamoja. Za kale usiziuze kwa wa chuma chakavu kwanza. Majani makuu yakiwa hayana ufa, yatakufaa siku moja ukiwa Uvinza na jani limekatika.