Krismasi Ndani ya Ramadhani



Hapa Mbotela, tukiwa si mbali na Waislamu wa Pumwani, ndoa ya Mkatoliki na Mwislamu si jambo geni. Ikiwa imefungwa kwa ruhusa ya Askofu, ni ndoa halali. Lakini Desemba huipima.

Krismasi ya mwaka 1999 iliangukia ndani ya Ramadhani. Mama mmoja wa jumuiya yetu alipika pilau mchana kama kawaida. Nyumba zetu ni ndogo, harufu ya sufuria haina pa kujificha, na mumewe amefunga. Baba yule alitoka kimya, akarudi usiku. Walinuniana hadi Idd.

Mwaka uliofuata Krismasi iliangukia tena ndani ya Ramadhani, wakaja kwangu mapema. Nikamwuliza mama, "Katika Krismasi yako, ni kitu gani hakiwezi kuhamishwa?" Akajibu, "Misa." Basi pilau ingeweza kungoja! Asubuhi alikwenda kanisani na watoto. Mchana watoto wakanywa chai na mkate. Mbuzi alichinjwa na Mwislamu, na jua lilipotua baba akafuturu kwa pilau ya Krismasi, wote wakiwa mezani.

La watoto lilikuwa zito zaidi. Mama alizoea kumwambia mumewe, "Baba watoto, uliapa kwa Padre!" Hapo alikosea, na wengi wenu mnakosea vivyo hivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1125, yamtaka Mkatoliki ndiye aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Haapi. Kwa hiyo usimdai deni asilokopa. Mweleze ahadi yako kwa upole, tena kabla ya mtoto kuzaliwa, si siku ya ubatizo.

Wala mtoto asiulizwe, "Wewe ni wa mama au wa baba?" Kijana wao aliulizwa hivyo akiwa na miaka saba, akakataa kula.

Siku ya Idd kijana huyo huenda kwa nyanya yake Pumwani. Hasali safuni, kwa kuwa yeye ni Mkristo, lakini humwamkia nyanya, hula, na hupokea zawadi yake. Mama ndiye humpigia nguo pasi.