Ongea, Kompyuta Iandike, Ila Soma Kabla Hujatuma

Somo la leo ni kuandika kwa sauti kwenye kompyuta.

Mimi nauza mapazia mtandaoni. Kuandika kwa vidole viwili kulikuwa kunanimalizia jioni zangu: orodha ya bei, profoma, masharti ya oda. Siku hizi naongea tu, kompyuta inaandika. Ila kuna herufi mbili zilinigharimu shilingi 180,000. Nitakwambia, lakini kwanza tuanze na jinsi inavyofanyika.

JINSI YA KUANZA

1. Unahitaji kompyuta yenye intaneti, akaunti ya Gmail (ni bure) na Chrome. Laptopu nyingi zina maiki ndani. Kompyuta ya mezani mara nyingi haina, kwa hiyo chomeka hedifoni zenye maiki.

2. Fungua Google Docs, ukurasa mpya. Bofya Tools, halafu Voice typing. Njia ya mkato: bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja.

3. Pembeni itatokea picha ya maiki, na juu yake jina la lugha. Hapa ndipo wengi tunakosea. Ukiacha Kiingereza halafu ukaongea Kiswahili, itakuandikia vituko. Chagua Kiswahili. Kipo cha Tanzania na cha Kenya.

4. Bofya maiki. Ikiomba ruhusa, ikubalie. Ikiwa nyekundu, inakusikiliza. Ongea sentensi nzima kwa mwendo wa kawaida, usitaje neno moja moja, maana inatumia maneno ya jirani kujua umesema nini. Ukimaliza, bofya tena.

Nukta na mkato weka kwa mkono mwishoni. Usijisumbue kuvitamka.

YALIYONIKUTA

Mteja mmoja aliagiza mapazia ya madirisha manne. Nikaandaa profoma kwa sauti, na kwenye masharti nikasema: "Pazia likishakatwa halitarudishwa." Feni inazunguka, bodaboda zinapiga honi nje, na mimi nina haraka. Kompyuta ikaandika "litarudishwa". Nikatuma bila kusoma.

Wiki moja baadaye mapazia yakarudi. Rangi haikumpendeza. Nikamwambia dada yangu, masharti yanasema hairudishwi. Akanionyesha karatasi: "Si umeandika mwenyewe?" Sikuwa na cha kujibu. Nikarudisha 180,000, na mapazia yaliyokatwa kwa vipimo vya madirisha yake ninayo mpaka leo.

Hapo ndipo nikaelewa kitu. Kwenye lugha yetu, kukataa mara nyingi kunakaa kwenye sauti ndogo mwanzoni mwa neno. "Utalipa nauli" na "hutalipa nauli" zinatofautiana herufi moja tu. Kompyuta ikiikosa, haikupi alama yoyote ya kosa, kwa sababu neno lililobaki ni sahihi. Sentensi inasomeka vizuri kabisa, ila inasema kinyume.

SHERIA ZANGU TATU SASA

Kwanza, masharti nayasema kwa maneno yasiyogeuka. Badala ya "halitarudishwa", nasema: "Pazia likishakatwa, mauzo ni ya mwisho." Badala ya "hutalipa nauli", nasema: "Nauli ni juu ya muuzaji." Hata ikisikia vibaya, nitaona mara moja.

Pili, bei siisemi, naiandika. Ukitamka "elfu kumi na tano", mmoja anaelewa 15,000, mwingine 10,005. Binadamu tunachanganyana, sembuse mashine. Ninapofika kwenye bei nasema "weka bei", naendelea. Mwishoni nabonyeza Ctrl na F, natafuta "weka bei", naandika tarakimu mwenyewe. Namba za simu na za malipo nazo hivyohivyo. Tena hizo usizitamke dukani, watu wanasikia.

Tatu, nasoma yote kwa sauti kabla ya kutuma. Nakagua vitu vitatu: kila sentensi inayokubali au kukataa kitu, kila namba, na jina la mteja. Majina inayakosea sana. Dakika mbili zinatosha. Kama umechoka, mpe mwenzako akusomee, maana jicho lako linaona ulichokusudia, siyo kilichoandikwa.

Nisikutishe. Bado naitumia kila siku na siwezi kurudi kwenye vidole viwili. Maelezo ya bidhaa yaliyokuwa yananichukua jioni nzima namaliza kabla sijafunga duka. Ichukulie kama kijana wa kazi mwenye mkono mwepesi lakini sikio zito: mwache aandike, ila sahihi ni yako.

Jaribu leo kwa tangazo moja fupi, mahali patulivu. Ukishaizoea, ndipo uende kwenye profoma. Biashara njema.