Maafa ya Mbali: Nani Husaidiwa?

Gatumba iko magharibi ya Bujumbura, karibu na mpaka wa Kongo, mahali mto Rusizi unapokaribia kuingia katika Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Aprili 2020 mto huo ulifurika, na maelfu ya watu wakahama nyumba zao. Baadaye ziwa nalo likapanda, likala nchi kavu. Mwezi wa Aprili 2024 serikali ya Burundi, pamoja na Umoja wa Mataifa, iliomba msaada kwa walimwengu. Je, walimwengu huamuaje nani asaidiwe?

Wengi hudhani kuwa msaada hufuata ukubwa wa dhara. Sivyo sikuzote.

Kwanza, hufuata habari. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ya Bahari ya Hindi iliua watu wapata 230,000, na watalii wa Ulaya wakiwamo. Picha zake zilienea duniani kote. Mchango mmoja wa watu wa Uingereza ulifika paundi milioni 392. Lakini ziwa hupanda polepole. Halina siku moja ya kupigiwa picha.

Pili, hufuata bahati. Wataalamu Eisensee na Strömberg walichungua maafa yapata 5,000 ya miaka 1968 hadi 2002. Waliona kwamba maafa yaliyotukia wakati wa Michezo ya Olimpiki hayakutangazwa sana katika televisheni za Marekani, na serikali ya huko ilielekea kutosaidia. Tena, njaa ilihitaji kuua watu wapata 40,000 ili ipate nafasi ya kutangazwa sawa na volkano iliyoua mtu mmoja!

Tatu, hufuata hukumu ya moyo. Watu humhurumia upesi aliyepatwa na mafuriko kuliko aliyepatwa na vita, maana hudhani vita ni kosa la wapiganaji na watu wao. Gatumba imeonja yote mawili: tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo waliuawa kambini pale. Watoto wao walikuwa na kosa gani?

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Basi tukiombwa mchango, tusiulize tu, "Tumeona picha?" Tuulize, "Nani hakuonekana?"

Maswali:
1. Kwa nini ziwa linalopanda halivuti msaada kama tsunami?
2. Taja maafa ya kwenu ambayo hayakutangazwa. Nani alisaidia?