Mwalimu Anayetaka Kuziba Baraza

Bwana Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwakani nitatimiza miaka 60, nistaafu kwa mujibu wa sheria. Nimeona nyumba ya kale ya mawe upande wa kusini wa mto Pangani, ndani ya shamba la minazi, inauzwa na warithi. Nataka kuinunua kwa kiinua mgongo changu, nilime muhogo na kunde, nifuge kuku na mbuzi, nile nilichokipanda, nisimtegemee mtu. Wakati wa masika gari halifiki na simu haishiki, lakini hayo hayanisumbui. Mbele ya mlango kuna baraza mbili. Hizo nitazizungushia ukuta ziwe ghala ya nazi. Je, ninunue? Na kuta zinazomomonyoka nizipige lipu ya saruji?

Mwalimu, Tanga

*

Mwalimu wangu, barua yako ilikuwa ndefu, nami nimeipunguza bila ya huruma, kwani hesabu ya mbuzi watakaozaa na mbuzi watakaouzwa ni hesabu ambayo kila mtu wa mjini huifanya akiwa kitandani, na mbuzi wenyewe hawajapata kuisoma. Nyumba siikatai, wala shamba silikatai. Mtu aliyekula chaki umri wake wote anastahili kivuli cha mnazi. Lakini nilipofika pale uliposema kwamba baraza utazizungushia ukuta, niliiweka barua chini. Mtu aliyezaliwa pwani, akalelewa pwani, akatafuta nyumba ya wazee kwa ajili ya uzee wake mwenyewe, kisha jambo la kwanza aliloazimia kuliondoa likawa mahali pa kumkalisha mgeni! Nazi hurundikwa uani, penye banda la makuti. Sijapata kumwona mwenye shamba aliyezirundika mlangoni pake akawa anaziruka kila anapokwenda kisimani. Ghala hiyo ni kisingizio, nawe ukiisoma barua yako kwa jicho lile unalosomea madaftari ya watoto utaona hivyo.

Tena baina ya habari ya banda la kuku na bei ya makuti umepenyeza sentensi moja ambayo sikuichapa hapo juu, kwamba wadogo zako wa tumbo moja na watoto wao wamekwisha kuujua mwezi utakaolipwa. Basi masika isiyopitisha gari, simu isiyoshika, na baraza iliyozibwa, yote hayo yanasimulia habari moja: unawakimbia watu wenye haki ya kubisha hodi kwako, na unawakimbia kwa sababu waona muhali kuwaambia la.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamekwisha kuchoka kunisikia nikilisema jambo hili, walakini nitalisema tena. Mtu asiyeweza kukataa hawezi kuitwa karimu. Ukarimu ni tendo la hiari, na hiari haipo pale ambapo jibu lililowezekana lilikuwa moja tu. Namwona mpwa wako amekaa ukingoni mwa kiti, amekwisha kuuliza hali za watu wote wa nyumba, amekwisha kusifu chai, kisha ndipo anapoitaja pikipiki ambayo akiipata maisha yake yatanyooka. Nawe unaingia chumbani kimya, unalifungua fundo la upindo wa kanga, unatoka na noti zilizokunjika na uso uliokunjika zaidi, na kijana anapokea asijue kama amepewa au ametukanwa. Wiki ya pili unamsimulia jirani ulichotoa, na ya tatu unamchukia aliyepokea. Hiyo si ihsani, ila ni kodi, na mlipaji wa kodi hana budi kuota shamba la mbali ambako mtoza kodi hafiki.

Nao ndugu zako wataingojea masika ipite, kisha waje.

Wazee waliojenga nyumba kama hiyo walikuwa na ndugu kama ulivyo nao wewe, na pengine wengi zaidi, na taabu za ndugu walizijua vyema. Ndiyo maana wakaweka baraza nje ya mlango, mahali ambapo mtu anapokewa kwa stahi zote, akamiminiwa kahawa, akasikilizwa mpaka haja yake ikaisha kinywani, akajibiwa, naye hajavuka kizingiti wala hajaona kilichomo chumbani. Maombi mengi yamekataliwa barazani, kwa maneno laini, mbele ya watu waliokaa wakisikia, na aliyekataliwa akaondoka na hadhi yake kamili, kwa kuwa aliyemjibu alimtazama usoni. Utaniambia kwamba baraza ya nje ilikuwa ya wanaume. Ni kweli, lakini mwenye nyumba sasa ni wewe, na hati itaandikwa jina lako, basi kaa ulipo upate kujibu. Ukiziba hapo, mpwa wako atakaribishwa wapi ila ndani, penye kanga?

Kuhusu azma yako ya kutomtegemea mtu, niwie radhi nikicheka. Nazi huanguliwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na sidhani kwamba utakwea mwenyewe. Basi utamhitaji mkwezi, na mkwezi ana siku zake. Muhogo una nguruwe mwitu wake, kunde zina ngedere wake, na anayewafukuza usiku ni jirani uliyemjulia hali mchana. Jirani wa shamba lako ni Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa mwaka 1893 kutokana na miche 62 tu iliyosalimika safarini, na tangu siku hiyo ardhi ya upande huo imelimwa kwa mikono ya watu wengi walioletwa kutoka mbali, kamwe si kwa mkono wa mtu mmoja. Wewe uliyewapeleka watoto kwenye shamba la shule kwa jina la elimu ya kujitegemea, ulipata kumwona mtoto mmoja akilima peke yake isipokuwa aliyeadhibiwa?

Hata kununua hutanunua kwa siri. Ikiwa shamba limo katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie, kwa hiyo utajieleza mbele ya watu kabla hujapata hata mnazi mmoja. Na kwa kuwa wauzaji ni warithi, usitoe senti mpaka umeuona uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Onja maji ya kisima, maana karibu na bahari huenda yakawa ya chumvi. Gonga boriti za mikoko uone kama mchwa wamezimaliza. Na ukiweza, panga nyumba hiyo kwa masika moja kabla ya kuinunua.

Lakini haya yote yangoje. Mwezi huu, kabla ya malipo kutoka, waite wadogo zako kwako, uwaambie kiasi gani utawapa, kama upo moyo wa kuwapa, na kwamba kilichobaki kina kazi yake. Kiasi kitajwe kwa tarakimu. Atakayekuambia kuwa kutoa ni moyo mjibu kuwa moyo umekwisha kutoa, kisha mimina kahawa nyingine. Ukiweza kulifanya hilo Tanga, penye simu na barabara ya lami, nunua nyumba hiyo kwa baraka zangu. Ukishindwa, usiinunue, kwa sababu Pangani utashindwa vilevile, na huko utakuwa na paa linalovuja pia.

Kwa saruji, hapana. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga saruji unaufungia maji na chumvi ndani, na baada ya miaka michache lipu itaanguka pamoja na jiwe lililoishika. Tafuta fundi wa chokaa, aiweke chokaa iliyolowekwa muda mrefu, kwa tabaka nyembamba, akiinyunyizia maji isikaushwe upesi na jua. Kazi hiyo ifanywe baada ya masika, na malipo umpe kidogo kidogo kadiri ukuta unavyokwisha.