Macho ya Kijana Anayejifunza Ufundi

Miaka zaidi ya 3200 iliyopita, huko Deir el-Medina, Misri, vijana walijifunza kwa baba zao kuchonga makaburi ya wafalme ndani ya mwamba. Mwandishi aliandika juu ya jiwe siku alizokosa kila fundi na sababu yake: huyu kaumwa na nge, yule anaugua macho. Jiwe hilo la mwaka wa 40 wa mfalme Ramses II linatunzwa London.

Kijana wa Butembo au Beni unayejifunza kuchomelea, vaa miwani mbele ya mashini ya kunolea. Chuma kikiingia jichoni, usisugue, usichokoe kwa kijiti. Lifunike bila kulikandamiza, uende kwa mganga siku ileile. Kapita, mwanafunzi asiye na miwani asiguse mashini. Jicho haliuzwi sokoni.