Huangshan: Mlima Upe Usiku, Vijiji Viachie Mvua

Wafanyabiashara na wanafunzi wetu waliojaa Yiwu na Hangzhou wanaishi jirani na Huangshan, mlima wa jimbo la Anhui, na wengi huondoka China bila kuukanyaga. Tangu reli ya kasi ifunguliwe mwishoni mwa 2018, Hangzhou hadi stesheni ya Huangshan Kaskazini ni kama saa moja na nusu. Epuka tu wiki ya kwanza ya Oktoba na sikukuu ya Mei Mosi, la sivyo utapanda mlima kwa foleni.

Ukifika, chukua basi hadi Tangkou, mji ulioko chini ya mlima. Mizigo mikubwa iache hapo, panda na begi dogo, na ulale juu. Wengi hupanda na kushuka siku hiyohiyo, wakaambulia ukungu. Kilele kirefu kuliko vyote, Lianhua, kina mita 1,864, karibu sawa na lango la Marangu kule Kilimanjaro, kwa hiyo pumzi haitakusumbua. Yatakayolia ni magoti, maana njia ni ngazi za mawe mwanzo mwisho. Ukungu nao hauna ratiba: hufunika kila kitu asubuhi nzima, kisha ukapasuka ghafla, ukaona majabali yamechomoza juu ya mawingu na misonobari imeota kwenye nyufa za mwamba. Aliyelala juu ana bahati mbili, machweo na mawio. Hoteli za huko ni ghali, na sababu utakutana nayo njiani: wapagazi wenye mti begani, vyakula na mashuka vikining'inia huku na huku. Wapishe, usiwapige picha usoni.

Panda kwa gari la nyaya la Yungu, kesho yake shukia upande wa Yuping, penye msonobari wa Yingke, mti maarufu kiasi cha kuwekewa mlinzi wake. Vilele vya Lianhua na Tiandu hufungwa kwa zamu ili mimea ipumue, na bonde la Xihai hufungwa wakati wa baridi kali. Ulizia kabla ya kukata tiketi, na pasipoti iwe mkononi.

Mvua ikigoma kukatika, usishindane nayo. Shuka uende Hongcun au Xidi, vijiji vilivyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, miaka 10 baada ya mlima wenyewe. Hapo mvua ndiyo mwongozaji. Ingia nyumba ya tajiri wa zamani wa Huizhou, jina la kale la eneo hili, usimame sebuleni: katikati paa liko wazi, na mapaa ya pande zote yameinamia ndani, maji yakichuruzika kwenye ua wa mawe. Kwao maji ni mali, basi ya nini kuyamwagia kwa jirani? Nje, mifereji ya Hongcun hupita milangoni hadi kwenye bwawa la Yuezhao. Inua macho uone kuta zilizopandishwa kuliko mapaa. Zilijengwa hivyo ili moto usiruke nyumba hadi nyumba. Ukiwa na nafasi ya kijiji kimoja tu, mimi ningekwenda Xidi, penye lango la mawe la 1578 na msongamano nafuu.

Asiyekula nguruwe awe macho, kwani mafuta yake huingia hata kwenye mboga. Tafuta mgahawa ulioandikwa qingzhen, yaani halali, kabla ya kwenda mlimani, na ubebe chakula chako. Malipo ni kwa simu karibu kila mahali. Unganisha kadi yako na Alipay mapema, ukiwa bado na mtandao wa uhakika.