KUTUNGA ASUMINI: SANAA NA KAZI

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukipita hapa kwetu Magogoni jioni, hasa mtaani kukiwa na harusi, pua itakwambia penye asumini kabla macho hayajaona. Wengi hudhani kazi ya maua ni ile ya Naivasha tu, ambako mawaridi hukuzwa na kupelekwa Uholanzi kwa ndege. Lakini sisi watu wa pwani tuna yetu tangu zamani. Mimi nimefunzwa na bibi yangu, nami nataka kukufunza wewe.

1. Maana ya Maneno

Siku moja chamani niliuliza tofauti ya kikuba na koja. Hakuna aliyejibu sawasawa! Basi shika haya:

Kitumba: ua ambalo halijafunuka.
Koja: maua yaliyotungwa kwa uzi, ya kuvaliwa shingoni.
Kikuba: majani na maua ya kunukia yaliyofungwa pamoja, ambayo wanawake huyavaa kwenye nguo au nyweleni.
Shada: maua yaliyokusanywa na kufungwa pamoja kwa vikonyo vyake.

Kitenzi chetu ni kutunga. Ushanga hutungwa, asumini hutungwa, na shairi pia hutungwa. Neno ni moja kwa sababu kazi ni moja: kuchagua, kupanga, na kutoruka kitu katikati.

2. Kuchuma

Asumini hufunuka usiku. Mwalimu wa Bayolojia alitueleza kuwa maua meupe yanayonukia usiku huwaita nondo, ambao hutembea gizani. Kwa hivyo mtungaji huchuma alasiri, vitumba vikiwa vimenenepa na kuwa vyeupe lakini bado vimefumba. Vitafunuka vikiwa tayari vimevaliwa, na hapo harufu ndiyo inakolea. Ukichuma lililofunuka, umechuma lililokwisha. Kitumba kibichi cha kijani nacho hakifunuki, basi kiache mtini.

3. Kutunga

Chukua sindano nyembamba na uzi mweupe uliokunjwa mara mbili. Toboa ua kwenye kile kishina chake chembamba, usitoboe kichwa. Shika kwa ncha za vidole, maana ukiliminya linageuka rangi. Elekeza kitumba kimoja huku na cha pili kule, ili koja lijae pande zote. Ukimaliza, funga fundo na ufunike kwa jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kikuba kina mpango wake. Rehani huanza chini kwa sababu majani yake hushikilia vingine. Hufuata vipande vya mkadi, kisha asumini, na waridi moja likipatikana. Langilangi likitiwa, litiwe kidogo tu, maana harufu yake hufunika za wenziwe. Bibi husema kikuba kizuri ni kile ambacho kila ua hujibu likiitwa.

4. Kosa Langu

Shule yetu ni ya kutwa, na kengele ya mwisho hulia saa kumi. Siku moja tulikuwa na kazi ya makoja ya harusi, bibi naye macho yanamsumbua siku hizi. Nikaona nijifanye mjanja. Nikachuma asubuhi, nikanyunyiza maji mengi, nikaweka kwenye friji ya jirani. Niliporudi, maua yamepiga madoa ya kahawia! Bibi hakunigombeza. Alikaa akayachambua moja moja kwa kupapasa, akapata ya makoja mawili tu. Pesa zilizobaki akamrudishia mwenye harusi. Kisha akaniambia, "Mwanangu, ua halina haraka yako." Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko.

Tangu siku hiyo nikitoka shule nakwenda mbio mtini kwanza, vitabu baadaye. Wenzangu wengine hunicheka, ati mvulana anatunga maua. Nawacheka pia, kwa sababu kalamu ninayoandikia imenunuliwa na asumini.

5. Hatari Iliyopo

Miasumini inapungua. Ule mkubwa tuliokuwa tukichumia kwa jirani ulikatwa ili kujengwe nyumba za kupangisha. Simlaumu, nyumba nazo zahitajika. Lakini mti ukienda, maneno nayo huenda. Nani atasema kitumba ikiwa hajakiona? Naomba chama chetu kipande miasumini miwili kando ya ua wa shule. Tawi likikatwa na kuchomekwa kwenye udongo wenye maji, hushika.

Zoezi

(a) Kwa nini asumini haichumwi asubuhi?
(b) Andika kwa wingi: Koja hili limetungwa kwa kitumba kizuri.
(c) Neno "ua" lina maana mbili katika makala haya. Zitaje.
(d) Muulize mzee wa kwenu jina la ua moja usilolijua, ulilete chamani.